Umbali wa Saa Moja na Nusu

Wazee wetu walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nimeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi, na kila mara niliieleza kama inavyoelezwa vitabuni: msaada ulio mbali haumfai mtu siku ya shida. Wanafunzi waliandika, nami nikasahihisha. Haikunipitikia hata siku moja kujiuliza neno "mbali" lina maana gani hasa. Je, fimbo ya mbali ni ile iliyo mbali kwa hatua, au ni ile ambayo hakuna aliyeinyanyua? Swali hilo lilinijia uzeeni, tena kwa njia chungu, na ndilo ningependa tulitazame pamoja, ndugu msomaji.

Hivi karibuni mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, Mwanza ni mbali?" Sisi tunaishi Mkoa wa Pwani, mwendo usio mrefu kutoka Dar es Salaam, lakini asili yetu ni Mwanza, ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Kabla sijajibu, mtoto alikwisha kuchukua simu ya mama yake na kunisomea majibu mwenyewe: kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Mwanza ni kilomita 850 hivi, na ndege huruka kwa muda wa saa moja na nusu. Akainua uso akasema, "Kumbe karibu tu!"

Nilinyamaza. Maneno hayo nilipata kuyasema mimi mwenyewe mwaka 2013, nikimwambia mtu ambaye leo hayupo.

Kwanza tuitazame hesabu yenyewe, maana mtu aliyefundisha jiografia hawezi kuipita tarakimu bila kuipima. Ukitwaa tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 30, kama lile lililokuwa juu ya kabati la ofisi yangu, ukavuta uzi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, uzi huo utakuwa na urefu wa sentimita 2 tu. Huo ndio mstari wa ndege, na hakuna ulio mfupi kuliko huo. Ndege ya jeti huenda kiasi cha kilomita 800 kwa saa. Kama ingekuwa inaanza safari tayari iko juu na katika mwendo huo, ingefika kwa saa moja na dakika chache. Lakini haina budi kutembea ardhini, kupanda, kisha kushuka na kungoja zamu ya kutua. Na zile za mapangaboi mwendo wake ni mdogo zaidi. Ndiyo maana ratiba huandika muda unaokaribia saa moja na nusu.

Walakini kati ya miji hiyo hiyo miwili, barabara inayopita Dodoma, Singida na Shinyanga ina zaidi ya kilomita 1,100. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na kutoka hapo ikafikishwa Mwanza mwaka 1928, ina kilomita zipatazo 1,200. Basi huchukua mchana kutwa na sehemu ya usiku. Kabla barabara hazijatengenezwa, wapo waliosafiri kwa basi wakazunguka kupitia Kenya ili wafike mji mwingine wa nchi yao wenyewe. Miji haikusogea hata hatua moja, ila kila chombo kina umbali wake. Basi tukiulizwa Mwanza iko umbali gani, hapana budi nasi tuulize: kwa nani, na anasafiri kwa nini?

Hebu nikueleze safari zangu mbili.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana, miaka mitatu tangu nimalize chuo cha ualimu. Shule yetu ilikuwa mbali na posta, na barua zilitufikia mtu akitokea kwenda mjini. Siku moja ya Alhamisi nililetewa telegramu iliyopigwa Mwanza tangu Jumatatu. Ilikuwa na maneno manne, kwa sababu neno lililipiwa: BABA MGONJWA SANA NJOO. Nikaomba ruhusa, nikakopa nauli kwa walimu wenzangu, na Jumamosi nikapanda treni, daraja la tatu. Tulikwenda usiku ule, na mchana wake, na usiku wa pili. Tabora mabehewa yalitenganishwa, mengine yakaelekea Kigoma, sisi tukaelekea kaskazini. Nakumbuka nilinunua chupa ya asali pale stesheni, nikijiambia kwamba mzee akiwa hali chakula, asali ataweza kuilamba.

Jumatatu nilivuka ziwa kwa kivuko, na sehemu iliyobaki nikaenda kwa miguu. Nilifika jua likizama. Baba alikuwa amezikwa Jumatano, siku tano kabla. Baba yangu mdogo aliinuka kwenye mkeka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Umefika. Pole na safari." Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimechelewa. Kila mtu pale aliijua telegramu, aliijua reli, na alikijua kivuko. Mama alinipokea ile chupa ya asali, akaiweka ndani bila neno. Nililia sana mwaka ule, lakini nililia kama anavyolia mtoto aliyefiwa, si kama mtu mwenye kosa. Nilikuwa nimeanza safari siku niliyoweza kuianza. Kilichobaki ilikuwa kazi ya reli, nayo lawama yote ikabebwa na reli.

Safari ya pili ni ya mwaka 2013. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kustaafu. Kaka yangu mkubwa, yule aliyeuza pamba yake ili ninunuliwe sanduku na blanketi la shule, alianza kuugua mwezi wa Julai. Sasa hapakuwa na telegramu. Kila mmoja wetu alikuwa na simu mfukoni, na sauti yake niliisikia kama mtu aliyekaa chumba cha pili. Akaniambia, "Mdogo wangu, ukipata nafasi njoo tukae tuzungumze." Nikamjibu, "Nakuja kaka. Siku hizi si kama zamani, ni saa moja na nusu tu."

Mwezi wa Agosti nilikuwa napaua nyumba, na mafundi ukiwaacha peke yao unajua yanayotokea. Septemba nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi. Tulizungumza kwa simu kila Jumapili, na kila Jumapili nilimrudishia maneno yale yale, kwamba nakuja, kwamba ni karibu. Wala sikuwa nikimdanganya. Fedha ya nauli nilikuwa nayo. Nilijua kwamba naweza kwenda kesho, na kwa kuwa niliweza kwenda kesho, leo haikuwa na haraka.

Alifariki alfajiri moja ya mwezi wa Oktoba. Niliarifiwa kabla ya jua kuchomoza, na mchana nikawa ndani ya ndege. Nilikaa dirishani. Kabla sijamaliza kikombe cha chai niliyopewa, rubani akatangaza kwamba tumeanza kushuka Mwanza, na ziwa likaonekana chini pamoja na yale mawe yake makubwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza saa moja na nusu ni muda gani. Ni muda wa kikao kifupi cha walimu. Ni muda mdogo kuliko niliotumia kubishana na fundi juu ya bei ya misumari.

Nilifika nyumbani kabla ya jua kuzama, kaburi likiwa bado linachimbwa. Watu walinisifu. "Mwalimu, umewahi!" walisema, nami nikaitikia. Angalia mambo yalivyogeuka: mwaka 1974 nilifika siku tano baada ya mazishi, na moyo wangu ulikuwa safi, mwaka 2013 nilifika kabla ya mazishi, nikasifiwa, na sikuweza kumtazama mtu usoni.

Siku ya tatu, watu walipoanza kutawanyika, shemeji yangu alikuja kukaa karibu nami. Akasema, "Shemeji, marehemu alikuwa akituuliza, hiyo ndege ya kutoka Dar inachukua muda gani. Watoto wakamwambia ni saa moja na nusu. Akageukia ukutani. Hakuuliza tena." Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa akiniarifu tu, kama ndugu anavyoarifiwa mambo ya mgonjwa. Nami tangu siku hiyo sijapata kuisikia tarakimu ile kama tarakimu ya kawaida.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Safari ikifupishwa, je, wajibu nao unaongezeka?

Kuna kanuni ya maadili ambayo hata asiyesoma anaijua: mtu hadaiwi asichoweza. Huwezi kumlaumu kipofu kwa kutokuona mgeni, wala maskini kwa kutochangia asichokuwa nacho. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili ambao hatupendi kuutazama. Ikiwa kutoweza kunaniondolea lawama, basi kuweza kunanirudishia. Mwaka 1974 sikuweza kumwona baba akiwa hai; mwaka 2013 niliweza kumwona kaka, na sikumwona. Aliyegundua ndege alitupunguzia uchovu, na papo hapo akatunyang'anya udhuru. Tuliupokea wepesi wa safari kwa furaha, bila kuona kwamba umekuja na deni.

Yamkini mtu atanijibu, "Mwalimu, unawatwika vijana mzigo usiobebeka. Mtu wa mshahara wa kawaida akipanda ndege kila anaposikia kuna mgonjwa, watoto wake watakula nini?" Hoja hiyo ni ya haki, na siipuuzi. Saa moja na nusu ni umbali wa mwenye nauli. Kwa kijana anayetembeza bidhaa Kariakoo, Mwanza bado iko mwendo wa mchana na usiku ndani ya basi, na siku za kukosa mauzo juu yake. Kuna watu wawili wanaoishi nyumba moja ya kupanga, mmoja ndugu zake wako karibu na mwingine wako mbali, ilhali wote kwao ni kijiji kimoja. Asiye na nauli asihukumiwe kwa ratiba ya ndege.

Isitoshe, hata kwa mwenye nauli tarakimu ile haisemi ukweli wote. Siku ile ya Oktoba nilihesabu saa kutoka mlango wangu hadi mlango wa kaka. Zilikuwa 12. Kulikuwa na foleni ya magari kuelekea uwanja wa ndege, kungoja uwanjani, kutafuta gari Mwanza, kisha kungoja kivuko pale Kigongo ili kuvuka kwenda Busisi, maji ambayo upana wake ni kama kilomita 3. Kilomita 850 za angani zilinichukua muda mfupi kuliko kuzipata na kuzimaliza zile chache za mwanzo na za mwisho. Tuna tabia ya kuipima safari kwa ile sehemu yake iliyo nyepesi, na kuisahau iliyobaki.

Lakini hoja hizo zote mbili, ambazo ni za kweli, haziniokoi mimi. Fedha nilikuwa nayo. Saa 12 nilikuwa nazo, nilikuwa mstaafu. Basi kilichonizuia kilikuwa nini?

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, na jibu nililolipata ni hili. Safari ndefu ilikudai uamuzi. Telegramu ilipofika, hapakuwa na kusema "nitaona wiki ijayo". Ama unakopa nauli na kufunga mzigo, ama huendi, na ukiwa huendi unajijua kwamba huendi, na jirani zako wanajua. Safari fupi haidai uamuzi wowote. Ipo tu, kama maji mtungini, nawe unaridhika kwa kujua kwamba ipo. Polepole kule kuweza kwenda kunachukua nafasi ya kwenda. Nilipokuwa nikimwambia kaka kwamba ni saa moja na nusu tu, nilijisikia kama mtu aliyekwisha kutenda jambo. Nilipokata simu moyo ulikuwa mwepesi, kana kwamba nimetoka kumwona. Hilo ndilo kosa langu, nami nalitaja wazi: nilimpa mgonjwa urahisi wa safari badala ya safari.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga. Mimi ningeongeza kwamba anayengojwa huumia zaidi akijua aendaye kwake hana kizuizi. Kaka yangu angejua kwamba niko njiani ndani ya treni, siku mbili mbali, angevumilia. Kilichomgeuza ukutani si umbali. Ni ukaribu.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 kati yao walifariki. Iliangukia majini karibu tu na uwanja. Miongoni mwa wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi katika mitumbwi yao, watu waliokuwa na makasia mikononi. Siwatumii marehemu wale kuwa mfano wa somo, Mungu awapumzishe. Nawataja wale wavuvi. Wao waliona, wakageuza mitumbwi. Wapo waliokuwa wamesimama ufukoni, karibu kama wao, wasiweze lolote, na hawana lawama. Ila wale wenye mitumbwi hawakuuliza umbali. Kati ya kuona na kupiga kasia hapakuwa na kesho.

Sasa nairudia fimbo yetu. Naamini leo kwamba wazee hawakuzungumzia hatua peke yake. Fimbo iliyolala chini ya kitanda changu, nami nimekaa juu ya kitanda hicho nikimtazama nyoka akiingia kwa jirani, hiyo nayo ni fimbo ya mbali. Na nauli iliyokuwa benki mwaka 2013 ilikuwa mbali na Sengerema kuliko zile shilingi za mkopo za mwaka 1974.

Je, nawashauri watu wasafiri daima? La hasha. Mwenye ndugu wengi hawezi kuwafikia wote, na hata kaka yangu hakuniomba nihamie kwake. Ninachosema ni kidogo zaidi kuliko hicho, na pengine ni kigumu zaidi. Mtu akikuita, mpe tarehe, au mwambie kwamba huwezi. Ukimwambia, "Siwezi, ninapaua nyumba," umemheshimu. Atakasirika, atakusamehe, au atatafuta njia nyingine ya kukuambia alilotaka kukuambia. Ukimwambia, "Ni karibu, nitakuja," umemfunga mlangoni akikungoja. Sikupata kujua kaka alitaka tuzungumze nini. Shemeji anadhani ni mpaka wa shamba. Mimi nadhani hakikuwa kitu maalumu; alitaka tukae tu.

Njia zinaendelea kufupishwa. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuwachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda wa saa nne hivi, safari ambayo katika ujana wangu ilikuwa ya usiku kucha. Mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja kati ya Kigongo na Busisi, na maji yale ambayo watu waliyangojea kivuko kwa saa nzima na zaidi sasa huvukwa kwa gari kwa dakika chache. Nafurahi kwa ajili ya wagonjwa wanaokimbizwa hospitali za Mwanza, na kwa ajili ya mama wajawazito. Mambo hayo ni mema bila shaka yoyote. Lakini daraja halimvushi mtu ambaye hajaondoka kwake.

Nimesema kwamba nilinyamaza mjukuu aliponiambia kumbe ni karibu. Sikunyamaza kwa muda mrefu. Nilimwambia kwamba bibi yake mkubwa wa Sengerema, yule mjane wa kaka yangu, sasa macho yake hayaoni vizuri, na kwamba anapenda kushika nyuso za watoto. Kisha nikamwuliza, "Unataka twende lini?"

Alifikiri kidogo, akasema likizo ya Desemba. Nikamwambia alete kalamu. Tuliandika tarehe kwenye kalenda iliyopo ukutani, juu ya meza ya chakula, mahali ambapo kila mtu wa nyumba hii ataiona. Kisha nikampigia shemeji, nikamtajia siku. Sikumwambia safari itachukua muda gani.